Mlango wa Gari Lisilopakwa Rangi

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi na mtoto, ambaye nasikia ameanza kusimama kwa kushika viti. Sisi huku ni wazima kwa kiasi chetu. Baba alifanyiwa upasuaji wa jicho la kulia na anaendelea vizuri. Bandeji itatolewa kesho Ijumaa asubuhi. Shangazi analalamika goti, ila mdomo wake hauna maradhi yoyote. Mimi nakula, nalala kidogo, na nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, ndani ya gereji, mvua ikipiga mabati ya paa kiasi kwamba hata ningekupigia simu usingenisikia.

Lakini si mvua iliyonifanya niandike. Kwenye simu wewe na mimi hukatana kauli, na jambo hili likikatwa katikati litakuwa baya kuliko lilivyo. Najua shangazi alikupigia juzi akakwambia kwamba baba amekusamehe, kwamba uje Jumamosi gari linapotolewa, na kwamba wewe ndiye utakayemkabidhi daktari wa meno ufunguo. Najua pia umekubali, kwa sababu shangazi ameshatangaza mtaa mzima. Ninakuomba kitu kimoja tu: usipande basi kabla hujaimaliza barua hii. Msamaha uliotangaziwa umesimama juu ya jambo nililolifanya mimi. Sitaki ushuke pale, ukumbatiwe mbele ya watu, halafu uulizwe swali usilolijua hata kichwa wala mkia.

Nianze na gari lenyewe, maana yote yametoka humo.

Ulipoondoka miaka miwili iliyopita, bodi ilikuwa imebakiza milango. Unakumbuka mlivyogombana. Wewe ulitaka ipakwe rangi, au walau vanishi, na baba akasema alumini aliyoigonga kwa mkono wake haitavishwa nguo kama maiti. Ukamwambia mvua ya kwanza itamuumbua. Akakujibu kwamba anayeogopa mvua aende akatengeneze mabasi. Ukaenda kutengeneza mabasi kweli, na tangu siku hiyo jina lako humu ndani likawa "yule". Mlango wa abiria mlikuwa mmeshauanza pamoja. Mlango wa dereva baba aliugonga peke yake, miezi minne, bila kutaka mtu amsogelee.

Na kazi ya mvua ikaniangukia mimi. Nilikuwa nimemaliza chuo, nasubiri kupangiwa shule ya kufundisha, na baba akaona mikono isiyo na kazi. Huwezi kuamini, kaka, jinsi gari lisilo na rangi linavyomfanya mtu aishi akitazama mawingu. Mvua inayonyesha haina neno. Adui ni tone linalobaki juu ya bati likakauka lenyewe. Linaacha duara jeupe, na ukilichelewesha siku mbili halitoki kwa kitambaa. Kwa hiyo gari likilowa, linamwagiwa maji safi kwanza, kisha linafutwa kwa fulana kuukuu za pamba, mbele kwenda nyuma, mstari mnyoofu, kamwe si kwa kuzungusha. Halafu unachukua mpira wa kompresa unapuliza maji yaliyojificha kwenye kingo za milango na chini ya vioo. Sabuni ya kufulia marufuku. Pamba ya chuma marufuku. Kila boliti inayogusa alumini ina washa ya mpira chini yake, kwa sababu metali mbili zikipata maji katikati zinaanza kulana. Hilo nilimweleza baba kwa kemia yangu yote, na akaniambia analijua tangu kabla sijazaliwa, ila hakujua kwamba lina jina.

Wala huwezi kusema nitang'arisha tu kila likichafuka. Kila ukipitisha polishi unaondoa bati kidogo. Baba husema anayeng'arisha kila siku mwishowe atauza karatasi.

Daktari wa meno anakuja kila Jumamosi kuliangalia gari lake. Ni mtu mwema, lakini vidole vyake vina jasho, na kila alipogusa paliacha alama. Baba akampa glavu za pamba. Akazivaa bila kinyongo, akasema yeye kazini hagusi mdomo wa mtu bila glavu, na hili nalo ni mdomo uliojaa jino moja la fedha. Baba alicheka, jambo ambalo wakati ule lilikuwa adimu.

Sasa nifike kwenye lenyewe. Mwezi uliopita baba alipangiwa upasuaji. Alikuwa ameficha macho yake muda mrefu; sisi wote tulidhani anakunja uso kwa hasira. Alipolazwa, wakakuta sukari iko juu, wakasema hawamgusi mpaka ishuke. Akakaa wodini siku tisa. Asubuhi ya kwanza, nikijiandaa kwenda kumwona, mawingu yakafunga na paa likaanza kuvuja juu ya gari, tundu jipya, tone baada ya tone. Peke yangu nisingeweza kulisukuma gari. Nikakimbia kwa jirani yetu mchomeleaji, yule tunayemwita Cheche, nikaomba turubai. Akanipa lililokuwa limekunjwa nyuma ya banda lake. Nikalifunika gari, nikafunga kamba kwenye vioo vya pembeni, nikaenda hospitali na roho yangu imetulia.

Siku tatu sikurudi gereji. Shangazi aliumwa goti, nikawa mimi tu wa wodini. Siku ya nne nilipolifunua, turubai lilikuwa bado limelowa, na limebonyea upande wa dereva, limeulalia mlango kama kitambaa cha kumkandia mgonjwa. Nikalivuta. Sehemu nyingine zilikuwa na ukungu tu. Lakini mlango ulikuwa mweusi-kijivu kuanzia chini ya dirisha hadi karibu na ukingo, na nilipopitisha kiganja uliparuza kama ulimi wa paka. Ndani ya mikunjo ya turubai kulikuwa na tope laini la kijivu. Nililijua kabla sijalinusa. Cheche alikuwa ametumia turubai lile kufunikia mifuko ya saruji.

Kaka, mimi nimeandika jambo hili kwenye karatasi ya mtihani. Saruji ikilowa inakuwa kali kama magadi ya kutengenezea sabuni, na hakuna kinacholiwa na ukali huo haraka kama alumini. Nilipata alama zote kwenye swali lile. Nilikaa chini sakafuni, na kitu pekee nilichokiwaza ni kwamba mvua ya miaka miwili haikumuumbua baba, nimemuumbua mimi kwa kumfunika.

Cheche akaja, akavua kofia kama aliyefika msibani. Akauzunguka mlango mara mbili, akasema tusimlaumu yeye, turubai lake halijasomea kemia. Nilimwambia aondoke. Hakuondoka. Akachukua kipande cha polishi, akajaribu mahali padogo, tukasugua kwa zamu mpaka pakang'aa; lakini vishimo vilibaki, vingi kama vya sindano, na tulipobonyeza kwa kidole gumba bati lilikuwa limeanza kuitika. Kusugua mpaka vishimo viishe kungeacha mlango wa kutoboka. Akaniuliza nitamwambiaje mzee. Nilikuwa nimetoka kuambiwa na daktari wa wodi kwamba mgonjwa asishtuliwe na chochote mpaka jicho lifanywe. Nikamjibu kwamba simwambii. Akauliza sasa itakuwaje. Nikasema nitaugonga mwingine.

Alicheka mpaka akashika ukuta. Alipoona sicheki, akauliza bati liko wapi.

Sitakuchosha na siku zile tano. Nilikwenda hospitali asubuhi na jioni, katikati nikawa gereji. Bati la kwanza nililiharibu kwenye kulilainisha. Nililipaka sabuni ya kipande kama mlivyokuwa mkifanya, nikalipitisha moto, nikisubiri sabuni igeuke rangi ya chai. Ikageuka nyeusi nami bado nasubiri, na katikati pakadondoka bila onyo, kwa sababu alumini haiwi nyekundu ikakuonya kama chuma. La pili lilichanika kwenye ukingo nilipokuwa naukunja. Cheche akasema nimebakiza moja, na kwamba bati halijui nina cheti. Kwa la tatu niliacha kufikiri. Niliweka mfuko wa mchanga chini, nikafunga mlango wa gereji, nikagonga kwa nyundo ya mbao mpaka sauti ikabadilika kutoka kwenye kulia ikawa kama ya kupumua. Sijui namna nyingine ya kuisema. Nimesoma miaka kumi na sita na sijawahi kujua kitu kwa uhakika kama nilivyojua, saa ile, mahali pa kupiga pigo linalofuata.

Tulipolikunja kwenye fremu likakaa. Likang'aa. Mlango ulioliwa nikauficha nyuma ya mabati chakavu.

Baba alirudi Jumatatu, jicho moja bandeji, lingine ukungu. Hakwenda nyumbani. Alitaka gereji kwanza. Unajua anavyolikagua gari: anaanza taa ya mbele kushoto, kiganja wazi, anatembea taratibu kama anayempapasa ng'ombe. Nilikuwa nyuma yake. Nilihesabu hatua zake. Akapita boneti, akazunguka, akafika mlango wa dereva, na mkono ukasimama.

Akarudi nyuma. Akapita tena. Akagonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Kisha akaufungua, akaingiza mkono kwa ndani, chini ya dirisha, ambako hatung'arishi na alama za nyundo hubaki. Alizisoma kwa ncha za vidole, muda mrefu sana. Halafu akauliza, bila kugeuka, amekuja lini.

Sikuelewa. Nikauliza nani. Akasema nisimfanye mtoto. Alama zimelala upande wa kushoto, na katika nyumba hii mwenye mkono wa shoto ni mmoja.

Kaka, mimi naandika kwa mkono wa kulia. Nakula kwa mkono wa kulia. Lakini nyundo hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa nakaa nyuma yako nikiwa na miaka saba, juu ya magurudumu, na wewe ukigonga mimi nilikuwa nagonga kopo, nikiiga mkono nilioutazama, mpaka baba aliponipeleka shule ya bweni akisema kidole cha kushikia kalamu kisipondwe. Mpaka Jumatatu ile sikuwa nimetambua kwamba nagonga kwa kushoto.

Ningeweza kusema pale pale. Nilikuwa na pumzi ya kutosha. Lakini nilimwona mzee wetu, ambaye miaka miwili hakulitaja jina lako, ameweka paji la uso juu ya paa la gari, na nikasikia sauti yangu ikisema kwamba ulikuja alipokuwa wodini, ukakaa siku mbili, ukaondoka kwa sababu ulimwogopa.

Hilo ndilo nililolifanya. Nimeliandika sasa, na wino bado haujakauka.

Na uongo, kama unavyojua, hauji peke yake. Akauliza uliona nini kwenye mlango wake hata ukautoa. Nikasema ulisema haukukaa sawa. Nilidhani atakasirika. Alicheka kidogo, puani, akasema hatimaye kuna mtu ameuona.

Mvua ikaanza wakati huo huo. Akaniamuru nifungue geti, tulisukume gari nje, lilowe. Nikamwambia ndiyo kwanza limefutwa. Akasema leo acha linyeshewe, nitalifuta yeye akiwa amelala. Tukalisukuma na Cheche, ambaye hakuthubutu kunitazama. Baba akaingia upande wa abiria, akaniita nikae kwenye usukani, tukafunga milango. Maji yalitiririka pande zote, na kila bati lilikuwa na sauti yake, na mlango wangu, uliokuwa begani pangu, ulilia juu kidogo kuliko mingine. Alikuwa anausikiliza. Nami nilikuwa naomba mvua iishe.

Humo ndani, akitazama mbele kwa jicho lisiloona, akanieleza kuhusu ile rangi. Akasema mlipogombana alikuwa tayari haoni. Si kwamba haoni vizuri. Alikuwa hajui rangi ya shati lako. Bati tupu aliweza kulijua kwa kiganja, kila mlima na kila bonde, kama anavyoujua uso wake akinyoa. Lakini rangi ni kazi ya jicho. Likipakwa, gari lingekuwa mikononi mwako, na yeye angekuwa mzee anayesimama pembeni akisema "zuri" kwa kitu asichokiona. Akasema alitaka kukuambia, lakini ulimtajia mvua, ukasema itamuumbua, na yeye tayari alikuwa ameumbuka. Ndiyo maana akakufukuza. Ndiyo maana ule mlango aliugonga peke yake, miezi minne, na alijua haujakaa sawa, na alikuwa anasubiri nani atamwambia.

Halafu akasema nisikueleze. Akasema atakueleza mwenyewe Jumamosi. Ninavyomjua, atalimeza. Alinieleza mimi kwa sababu kulikuwa na mvua na alidhani wewe umeshasamehe kwanza.

Tangu siku hiyo ni wiki mbili na nusu. Amemwambia daktari wa meno kwamba mlango ni wa mwanawe. Amemwambia kila anayepita. Jumamosi iliyopita alimshika daktari huyo mkono, akaupeleka kwenye ule mlango, akasema hebu sikia, mimi mwenyewe sikuwahi kugonga hivi. Nilikuwa nimesimama pale na kitambaa cha kufutia. Sitakudanganya, kaka, kwamba kilichoniuma ni dhamiri peke yake. Iliniuma pia kwa sababu ulikuwa mlango wangu. Nilitaka kusema ni wangu hata kama hasira yake ingeua kila kitu. Nimejichunguza sana, na naona hizo ni hoja mbili tofauti, na ya pili ndiyo yenye nguvu.

Nilifikiri kukuomba ukubali. Ungekuja, ungeitikia, ungeshika ufunguo, wote tungekula tukashiba. Ungefanya hivyo, nakujua. Lakini angekuweka mbele ya bati akwambie mgonge pamoja, na angekusikia. Amekusikia tangu ukiwa mtoto. Mapigo yako yanakwenda mawili mawili. Yangu hayaendi hivyo, nilisikiliza nikagundua. Alama zilimdanganya kwa sababu alitaka zimdanganye.

Kwa hiyo leo asubuhi nimeutoa mlango ulioliwa na saruji nyuma ya mabati. Nimeuegemeza ukutani, mkabala na pale anapoingilia. Kesho akitoka kufunguliwa jicho atataka kuja hapa kabla ya nyumbani, kama kawaida yake, na ndicho kitu cha kwanza atakachokiona. Nami nitakuwa hapa na bati jipya, mfuko wa mchanga na nyundo mkononi, na nitaanza kugonga kabla hajauliza. Cheche amesema atakuwa na kazi upande wa pili wa mji.

Sijui atafanya nini. Huenda jina langu nalo likawa "yule". Huenda asubuhi ya Jumamosi ukakuta geti limefungwa na daktari wa meno amesimama nje na glavu zake. Lakini lile la rangi nimeshakupa, na hilo hakulisema kwa sababu ya mlango. Alilisema kwa sababu ni kweli, na amelibeba miaka miwili. Usije kwa sababu ya mlango. Mlango ni wangu. Kama unakuja, njoo kwa sababu ya mtu aliyekufukuza ili usijue kwamba haoni.

Barua hii nampa kondakta wa basi la mchana, ameahidi kukuletea mkononi leo leo. Mpe wifi salamu zangu, mwambie mtoto asiharakishwe kutembea. Shangazi angekusalimu kama angejua naandika, afadhali hajui.

Na ukija, njoo na nyundo yako. Ile uliyoiacha sasa naitumia mimi.

Ni mimi, mdogo wako.